Mume wa Wedad

Jioni ile Wedad alipofukuzwa jikoni kwake mwenyewe, Cairo nzima ilipoteza hamu ya kunafa, ule utamu wa Ramadhani. Mzinga wa magharibi ulikuwa umeshalia, watu wameshafungua kwa tende na supu, televisheni zimewashwa kila nyumba. Na pale mwanamke yule mwenye mabega yaliyolegea aliposhikwa mkono na kutolewa nje na mumewe Shafiq, kisa chumvi imezidi kwenye mchuzi, wanawake wa Shubra walisukuma sahani mbele wakaanza kulia.

Midhat naye alikuwa akitazama. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na ushei, mfamasia mwenye duka lake la dawa pale pale Shubra, na watu wa mtaa walimwita Daktari. Yeye hakulia, na sababu alikuwa nayo: huyo Wedad alikuwa mkewe. Jina lake la kweli Inshirah, na wakati nchi nzima ikimlilia alikuwa amejikalia kwenye kiti kikubwa sebuleni, miguu imelowekwa ndani ya beseni la maji moto aliyoyapasha Midhat, anajitazama kwa makini.

"Maji yamepoa," akasema Inshirah bila kugeuka.

Midhat akainuka akaenda jikoni kuteleka mengine.

Inshirah alikuwa na kipaji cha kuonewa. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa amenyang'anywa watoto, ameporwa urithi, amesukumwa ngazini, ametalikiwa siku ya arusi ya bintiye, na kupigwa vibao na karibu kila mwanamume mwenye jina katika sinema za Misri. Watu waliomjulia kazi yake walisema siri iko mabegani. Wengine huonewa kwa macho na midomo tu, lakini yeye kamera ikimwelekea mabega yalishuka taratibu kama ya mtu aliyebeba ndoo mbili tangu alfajiri, asiyejua pa kuzitua. Wanawake walimsimamisha barabarani wakamkumbatia.

"Vumilia, dada yangu," walimwambia. "Mungu anaona."

Inshirah aliwashukuru kwa sauti nyembamba iliyokaribia kukatika. Kisha aliingia garini, na kwa sauti yake ya kila siku akamuuliza Midhat ana akili gani ya kuegesha gari juani.

Hakuwa mwanamke mbaya, na Midhat angekuwa wa kwanza kukwambia hivyo, kwani kazi ya kumtetea ndiyo aliyoifanya muda mrefu kuliko kazi nyingine yoyote. Alikuwa mchangamfu, mkarimu kwa wageni, na mcheshi mpaka watu wakashika mbavu. Kwa ucheshi huo huo ndipo alipompata Midhat, wakiwa wamepanga foleni ya mafuta ya taa, akimwigiza mwuzaji jinsi anavyopima huku kidole kikiwa ndani ya galoni. Midhat alicheka hadi akasahau zamu yake. Ila ucheshi huo ulipohamia nyumbani ulihitaji mtu wa kuchekwa, na nyumbani walikuwa wawili tu, Mungu hakuwajalia watoto. Kila Midhat alichofanya hakikufaa. Akipika, Inshirah aliuliza kama ni mchuzi au ni maji ya bahari. Akinyamaza, amenuna. Akisema, anapiga kelele na yeye Inshirah ana kazi kesho. Mto wake ulitolewa chumbani kwa sababu anakoroma, ukawekwa kwenye kochi la sebuleni, na huko ulikuwa bado mpaka Ramadhani hiyo tunayoisimulia.

Mambo yalianza kuharibika siku gazeti moja la wasanii lilipomhoji Inshirah. Mwandishi alimuuliza anapata wapi uchungu wote ule. Inshirah akainamisha kichwa, akashusha mabega, akasema, "Kila chozi la Wedad limetoka nyumbani kwangu."

Wala hakuongopa. Kesho yake asubuhi Midhat alivuka barabara kwenda kwa Umm Farahat, mama aliyeuza mboga mbele ya duka lake la dawa miaka nenda miaka rudi.

"Sabahi njema, Umm Farahat. Nipimie kilo mbili za nyanya."

"Nyanya hakuna."

Midhat akatazama rundo la nyanya lililokuwa kati yao, jekundu, limenyunyiziwa maji.

"Na hizi?"

"Hizi za watu."

"Kwani mimi si mtu?"

"Hilo jiulize mwenyewe." Umm Farahat akamtupia jicho la chini juu. "Kamwambie mwenzako Shafiq akuuzie."

"Shafiq ni mtu wa kwenye televisheni, mama."

"Na wewe wa wapi? Mkeo si ameshasema gazetini! Mwanamke malaika, jicho halimnyanyuki, unamkokota nje ya jiko lake kwa ajili ya chumvi! Na ulivyo mpole hapo dukani, 'karibu mama, pole mama.' Kumbe chatu! Ondoka, usinitie dhambini, nimefunga."

Midhat aliondoka. Alitaka kumwambia kwamba aliyepika alikuwa yeye, kwamba aliyetolewa jikoni alikuwa yeye, na kwamba siku ile alikaa ngazini mpaka Inshirah alipohitaji mtu wa kumfungulia chupa ya achari. Lakini hata yeye alisikia jinsi maneno hayo yangemtoka, mwanamume mzima, mchana kweupe, mbele ya mafungu ya bamia. Tena alijipa moyo kwamba ni sadfa tu. Chumvi ni jambo la kila nyumba.

Duka likaanza kupwaya. Mwanamke mmoja alirudisha dawa ya kikohozi ambayo hata kizibo hakijafunguliwa. Alisema dawa iliyopitia mkono ule haitamponya mwanawe. Dereva wa teksi alimtambua njiani, akasimamisha gari na kumwomba kwa adabu ashuke. Na hata Tafida, dada yake mkubwa aliyemlea baada ya mama yao kufa, alipiga simu kutoka Mansura akiwa anapenga kamasi.

"Midhat, umemfanya nini mtoto wa watu?"

"Dada, si unanijua? Na Inshirah unamjua. Si ulikuja kukaa kwetu wiki, ukaondoka wiki haijaisha?"

"Nakumbuka. Alinifokea kwa ajili ya taulo."

"Sasa?"

"Sasa yule alikuwa Inshirah," akasema Tafida. "Mimi namsemea Wedad."

Wiki iliyofuata ndipo kilipotoka kipande cha tamthilia kile cha ndege.

Midhat alikuwa ameweka mezani katayif, vitumbua vitamu vya njugu, na amekaa pembeni, sahani mapajani. Kwenye kioo, Wedad alirudi kutoka sokoni na kapu lake. Akaita kwa mluzi, kama alivyozoea kuwaita chiriku wake wa manjano aliowafuga roshani. Hakuna aliyeitika. Akatoka roshani akakuta tundu liko wazi. Nyuma yake Shafiq akapita na gazeti, akasema, "Nimempa mtu. Wananiamsha." Basi. Wedad alitoa vile vibakuli viwili vya mbegu na maji, akavipeleka jikoni, akaviosha kwa sabuni, akavikausha kwa kitambaa, kimoja baada ya kingine, taratibu, akavipanga kabatini, na mabega yake yakashuka.

Katayif ilibaki mkononi mwa Midhat. Chiriku wale walikuwa wake. Aliwafuga miaka sita roshani hiyo hiyo iliyokuwa nyuma ya kiti chake. Na siku aliporudi kutoka dukani asiwakute, Inshirah alikuwa amepita na gazeti akasema maneno hayo hayo. Alikuwa amempa mpambaji wake wa studio. Midhat aliosha vibakuli.

Nje, kupitia dirisha lililo wazi, alisikia kilio kikishuka kutoka ghorofa ya juu na kingine kikipanda kutoka chini. Jengo zima lilikuwa linawalilia ndege wake. Lililomshangaza ni kwamba hakuona hasira. Alijisikia kama mtu aliyefiwa zamani, kisha leo ndiyo watu wanakuja kumpa mkono. Akageuza uso, na kwenye kioo cha kabati la vyombo akajiona alivyokaa, na akayaona mabega. Akamtazama Wedad kwenye televisheni, akajitazama tena kwenye kabati. Yalikuwa ni yale yale.

"Inshirah," akasema kipande kilipokwisha. "Ile ya ndege."

"Umeiona? Nilimwambia Fikri hiyo itawamaliza. Alikuwa ananiletea eti Shafiq avunje sahani. Sahani! Kila mtu anavunja sahani."

"Uliniona nikiosha vibakuli?"

"Si nilikuwa nimesimama mlangoni."

"Sasa ulijua kwamba niliumia?"

Inshirah akatoa mguu kwenye beseni, akaupangusa. "Midhat, mimi ni msanii. Mtu akiumia najua anaumia wapi, kwa kiasi gani, na mkono wake anauweka vipi. Ndiyo kazi yangu."

"Na ukishajua?"

"Nikishajua nini?" akauliza Inshirah, na kwa kweli hakuelewa. "Nipe hizo katayif, unazishikilia tu."

Tamthilia yenyewe, kama ilivyo desturi yao, ilikuwa ikirushwa huku bado inarekodiwa, na vipande vya mwisho vilikuwa havijaandikwa. Mwandishi alikuwa huyo Fikri Zahran, mtu mwembamba mwenye kidonda cha tumbo kilichompa ruhusa ya kutofunga. Siku chache baadaye, alasiri, aliingia dukani kwa Midhat. Hakukuwa na mteja mwingine. Siku hizo wateja walikuwa hawapo.

"Nataka dawa ya tumbo," akasema. "Na tafadhali, isiwe sumu."

"Karibu, Ustadhi Fikri."

"Kumbe unanijua. Mimi nimekuja kukuona kwa macho yangu. Mwezi mzima nakuandika." Akamzungusha macho kuanzia upara mpaka viatu. "Nilidhani u mnene."

Midhat akashusha dawa kwenye rafu, akaifunga kwenye karatasi. Alikuwa ameshazoea. Lakini mtu huyu ndiye aliyewaandika ndege, na neno likamtoka kabla hajalikamata.

"Chiriku walikuwa wangu."

"Naam. Na Shafiq naye anasema nyumba yake, jiko lake."

"Sijasema hivyo. Nasema waliotolewa ni wangu mimi. Nilirudi nikakuta tundu liko wazi."

Fikri akacheka mpaka akashika tumbo lake bovu. "Daktari, kila mwanamume mwenye kumtesa mkewe ananiambia anayeteswa ni yeye. Nina mashemeji wawili wa namna hiyo."

"Kwenye kipande chako," akasema Midhat, "Wedad alipoviosha vibakuli alivipanga kabatini. Hapo umekosea."

"Nimekosea?"

"Alivirudisha ndani ya tundu. Akatia maji. Kila asubuhi alitoka roshani akamwaga yale ya jana akatia mapya, na tundu halina ndege. Akaendelea hivyo siku nyingi tu. Halafu akagundua mama wa roshani ya jirani anamwangalia. Akaona haya, akaacha."

Fikri hakucheka tena. Alivuta kiti cha wagonjwa akakaa.

"Inshirah aliniambia mambo hayo yote yametokea nyumbani kwake," akasema.

"Yametokea."

"Na la chumvi?"

"Mpishi ni mimi."

"Na ule mto?"

"Uko kwenye kochi. Twende nikuoneshe."

"Lahaula," akasema Fikri. Akamtazama Midhat upya, safari hii akianzia mabegani. "Ni wewe. Wedad ni wewe!" Kisha akatikisa kichwa kwa huzuni ya kikazi. "Na siwezi kumwambia mtu. Nikimpelekea mtayarishaji mwanamume anayeonewa na mkewe, atasema nimemletea vichekesho. Atamtafuta mwigizaji mnene, amvalishe aproni, na nchi nzima icheke."

"Najua," akasema Midhat.

"Sasa nisaidie. Mtayarishaji anataka Shafiq augue, Wedad amuuguze, amsamehe, wafute machozi pamoja, Idi njema. Kila mwaka tunamaliza hivyo. Mimi kalamu imegoma. Wewe niambie. Wedad anafanyaje?"

Midhat alinyoosha chupa kwenye rafu, moja baada ya nyingine, ingawa zilikuwa zimenyooka. Swali hilo hakuwahi kuulizwa na mtu, wala hakuwahi kujiuliza. Ajabu ni kwamba jibu lilikuwa tayari, limekaa tu linasubiri.

"Anaondoka," akasema.

"Anagombana naye kwanza?"

"Hapana. Asubuhi anamtengenezea chai. Anamwambia naondoka. Anashuka ngazi. Akifika barabarani anasikia njaa, kwa sababu kwa miaka yote hakuwahi kula asubuhi kwa raha. Ananunua taamiya ya moto, bajia ya maharage yenye kitunguu kingi, kile ambacho Shafiq hakitaki ndani ya nyumba, anaila pale pale amesimama. Basi."

"Hapigi kelele? Hamlaani?"

"Ana haraka gani ya kumlaani? Ameshaondoka."

Fikri aliondoka mbio, dawa ya tumbo ameisahau mezani.

Kurasa zile mpya zilimfikia Inshirah kesho yake, naye akazileta nyumbani ili azifanyie mazoezi. Mazoezi aliyafanya na Midhat, tangu zamani. Midhat ndiye aliyesoma maneno ya wengine: waume, mahakimu, mama wakwe.

"Soma Shafiq," akaamuru, akasimama katikati ya zulia na mkoba wake mkononi.

Midhat akavaa miwani. "'Unakwenda wapi na hako kamkoba? Nani wa kukupokea wewe?'"

"Huyo ni Shafiq au karani wa posta? Mtukane mkeo, Midhat! Umpasue!"

Akasoma tena kwa sauti ya juu kidogo. Inshirah akafunga macho kama mtu anayeumwa jino. Mara ya tatu Midhat hakuhangaika kumtafuta Shafiq. Alichukua sauti iliyokuwa karibu zaidi, ile iliyomwita kila asubuhi kutoka chumbani, na vituo vyake, na ile pumzi fupi ya dharau kabla ya neno la mwisho.

"'Unakwenda wapi na hako kamkoba? Nani wa kukupokea... wewe?'"

Inshirah akamkodolea macho.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Humu humu."

"Nzuri," akasema polepole. "Kali. Inachukiza hata. Nitamwambia yule bwana aifanye hivyo hivyo." Akashusha mabega, akawa Wedad, akasema maneno yake: "'Sina hasira na wewe, Shafiq. Nimechoka tu kuomba ruhusa ya kukaa.'" Halafu akazitupa kurasa kwenye kochi. "Hapana. Haiingii akilini. Fikri kapotea. Amekaa miaka yote hiyo halafu leo aondoke? Kimetokea nini? Hakupigwa, hakuletewa mke mwenza."

"Hakijatokea kitu. Ndiyo maana."

"Ataishi wapi?"

"Atapanga chumba."

"Watu watasema nini?"

"Watasema."

"Mwanamke wa namna hii haondoki, Midhat. Mimi namjua. Nimekuwa naye mwezi mzima."

"Mimi nimekuwa naye zaidi," akasema Midhat.

Inshirah akamtazama. Akamtazama sana, kwa jicho ambalo Midhat hakukumbuka mara ya mwisho kuelekezewa. Akadhani sasa ameelewa, sasa ameona.

"Hebu simama," akasema Inshirah. "Shika huu mkoba. Nenda mpaka mlangoni kama unavyodhani ataondoka."

Midhat akachukua mkoba wa mkewe. Akatembea mpaka mlangoni. Akaweka mkono kwenye kitasa.

"Rudi. Tena. Usiharakishe hapo kwenye zulia."

Akarudi, akaondoka tena. Inshirah alikuwa amechutama pembeni, kidole mdomoni, anayafuata mabega yale hatua kwa hatua. Mara ya tatu Midhat alifungua mlango kabisa, akatoka hadi ngazini, akasimama huko na mkoba wa kike mkononi. Kutoka ndani akasikia makofi.

"Nimempata!" Inshirah akaja mbio, akampokonya mkoba, akambusu kipajini. "Nimempata! Kumbe mabega hayashuki anapoondoka. Yanapanda! Kidogo hivi. Midhat, wewe una thamani ya dhahabu. Chai iko wapi?"

Kipande cha mwisho kilirushwa usiku wa kuamkia Idi. Wanasema Cairo haikuwahi kutulia namna ile. Wedad alimwekea Shafiq chai, akasema maneno yake, akashuka, na mabega yakapanda kidogo tu, upana wa kidole. Na alipouma taamiya ya kwanza pale kwenye kona, mafuta yakamchuruzika kidevuni, vigelegele vililipuka roshani kwa roshani kama vile timu ya taifa imefunga bao. Umm Farahat alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Inshirah mwenyewe alilia kwa kwikwi mbele ya televisheni.

"Masikini," alikuwa akisema. "Masikini, hatimaye."

Midhat akampa leso.

Asubuhi ya Idi pili alimtengenezea chai, akaiweka kando ya kitanda. Inshirah alikuwa amelala chali, vipande vya tango juu ya macho, maana mchana kulikuwa na watu wa magazeti. Midhat alikuwa amevaa koti. Mfuko wake mmoja ulikuwa umeshatangulia mlangoni.

"Inshirah, naondoka."

"Ukirudi pitia mkate."

"Sirudi."

"Basi mwambie bawabu atuletee."

Midhat alisimama akitazama yale matango. Kulikuwa na maneno mazuri ya kusema, yaliyotungwa kutokana na maisha yake na nchi nzima ilikuwa imeshayashangilia, lakini hakuona namna ya kuyasema bila kuonekana anaiga. Akashuka. Kwenye kona muuza taamiya alikuwa amefunga kwa ajili ya Sikukuu. Midhat akapanda treni ya Mansura na njaa yake.

Inshirah aligundua jioni, alipokosa maji ya moto. Alimpigia Tafida, na Tafida, aliyekuwa na Midhat mezani kwake wakati ule ule, alisikiliza simu mpaka mwisho bila kumkatiza. Aliporudi kukaa uso ulikuwa umembadilika.

"Amesema hawezi kulia," akasema. "Amejaribu tangu magharibi. Anasema kila akianza, inatoka sauti ya Wedad, naye anaisikia, anaanza kuisahihisha."

Midhat akaacha kula.

"Nimemhurumia," Tafida akaongeza. "Kweli nimemhurumia, na si Wedad, ni yeye. Lakini nikirudi kwenye ukweli, Midhat, umefanya vibaya. Mwanamke aliyeteseka vile, halafu unamwacha?"

Ndivyo ilivyosemwa kila mahali. Magazeti yaliandika kwamba Shafiq, baada ya kumtesa Wedad maisha yake yote, sasa amemtoroka. Wanawake walimpelekea Inshirah sufuria za vyakula mpaka bawabu akaota kitambi. Fikri alijitahidi kueleza ukweli kwenye mikahawa, watu wakamwambia kidonda kimempanda kichwani. Inshirah naye, akiulizwa, hakumsema mumewe kwa ubaya hata siku moja. Alinyamaza tu, na mabega yakamalizia. Kwa miaka kumi iliyofuata aliigiza wanawake walioachwa, na wajuzi wakasema hajawahi kuwa bora kiasi hicho.

Midhat alifungua duka dogo la dawa Mansura, mtaa wa nyuma, mahali ambapo hakuna aliyemjua kwa sura. Alikodi vyumba viwili. Alipika mwenyewe, akala mwenyewe, na mara nyingine chumvi ilizidi kweli. Usiku alilala katikati ya kitanda, akakoroma, na jirani mmoja alipolalamika, Midhat alimwomba radhi kwa furaha mpaka jirani akamshuku.

Siku moja mwaka wa tatu, bibi mmoja mteja wake wa shinikizo la damu aliingia akiwa na kisirani, amekunja gazeti kwapani.

"Umeona, Daktari? Wamemtoa tena yule Wedad wetu. Bado anakaa peke yake. Hivi yule mumewe, yule mwanaharamu, yuko wapi?"

"Wallahi sijui, mama."

"Mungu amlaani popote alipo. Alaze mgongo asipate usingizi!"

Midhat alikuwa anahesabu vidonge juu ya kisahani. Alifikiri kidogo, akaona hakuna haja ya kumvunja moyo mgonjwa wa shinikizo.

"Amina, mama," akasema, akamfungia dawa zake. "Hivi unavimeza kabla ya kula au baada? Maana juzi uliniambia kabla."

"Baada," akasema bibi. "Kabla vinanichoma."

"Basi endelea baada."

Bibi akamwombea dua ndefu ya heri kwa upole wake, akasema laiti wanaume wote wangekuwa kama yeye, akatoka. Midhat akamshika mkono hadi alipovuka mfereji, akarudi ndani kumsikiliza mteja mwingine.